Re: Uwanja wa Lake Tanganyika ulijengwa kwa ajili ya Mashujaa?

Hapana ndugu yangu, uwanja huu wa hapa Kigoma umewatangulia. Mashujaa, timu ya jeshi, walipanda Ligi Kuu 2023 baada ya kuwatoa Mbeya City kwenye mchujo, ndipo huo uwanja ukawa nyumbani kwao kwa mechi za Ligi Kuu. Miaka miwili kabla, tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania ilishaletwa hapo, Simba na Yanga kabisa, huku mwisho wa reli! Yanga walibaki pungufu baada ya Mukoko Tonombe kulimwa nyekundu kipindi cha kwanza. Wakavumilia mpaka zikabaki kama dakika 10 hivi, ikapigwa kona, Taddeo Lwanga akaruka na kuitia kichwa. 1-0, kombe likaenda Msimbazi, kwa Simba.

Ila kwangu mimi mechi kubwa zaidi pale ni ya Aprili 2024, kombe hilo hilo. Simba hao hao walirudi, sare ya 1-1, wakatolewa kwa penalti 6-5. Na safari hii waliowatoa ni wenyeji, Mashujaa. Sisi watu wa Kigoma tulikuwa tumezoea kugawana jukwaa kwa rangi za Kariakoo, Simba na Yanga. Mashujaa wametupa timu yetu ya kushangilia.