Ukitaka kusoma komiki za magenge ya maadui, angalia kwanza nani analipwa nini

Genge likiwa na maadui thelathini na kila mmoja anaweza kupasua mlima, we iruke hiyo komiki. Nasema hivi nikiwa nasoma hizi stori tangu niko sekondari, za Marvel na za DC, zile kampuni mbili kubwa za komiki Marekani, na kitu nilichokiona ni kwamba wingi wa maadui haumsaidii msomaji chochote, wanapigwa kurasa tatu wanalala, stelingi anajikung'uta vumbi anaondoka zake. Stori tamu za magenge ni zile ambazo stelingi hajafika bado ila wenyewe kwa wenyewe washaanza kuangaliana vibaya. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja, mengine yote yanatoka humo humo: ukifungua komiki ya genge tafuta wanaunganishwa na nini. Hela? Woga? Chuki kwa mtu mmoja? Kama mpaka toleo la pili mwandishi hajakuonyesha, funga kalale.

Chukua Sinister Six. Hawa karibu kila mtu kawasikia kwa sababu ya Spider-Man, walitoka 1964 kwenye Annual ya kwanza ya Amazing Spider-Man, yaani toleo nene la mara moja kwa mwaka, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko. Doctor Octopus, Vulture, Electro, Mysterio, Kraven na Sandman. Sita kwa mmoja, na huyo mmoja siku hiyo anaamini kabisa nguvu zake zimemtoka. Hesabu ya kawaida inasema wamvamie wote kwa pamoja wamalize kazi waende kula. Wapi! Kila mtu anataka ionekane yeye ndo kamuua, wanajipanga, kila mmoja anakaa na sehemu yake, na Spider-Man anawapitia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayefuatilia faili lake dirisha kwa dirisha. Kwenye pambano la kwanza tu anagundua nguvu bado anazo, basi tena, mchezo umeisha. Watu wanacheka wanasema huo mpango ni wa kijinga, na kweli ni wa kijinga, ila ndivyo inavyokuwa watu wakiunganishwa na kisasi, kwa sababu kisasi hakigawiki, hela mnaweza kugawana sita lakini sifa ya kumuua Spider-Man anachukua mmoja. Afu humo humo Aunt May, shangazi aliyemlea Spider-Man, katekwa na muda wote anamuona Doctor Octopus ni baba mmoja mstaarabu sana, kipande hicho huwa kinanivunja mbavu mpaka leo.

Ukishamaliza hiyo ruka moja kwa moja mpaka 2013, The Superior Foes of Spider-Man, Nick Spencer anaandika, Steve Lieber anachora, matoleo 17 tu imeisha. Genge linajiita Sinister Six na wako watano. Watano! Bosi ni Boomerang, zamani mchezaji wa besiboli akafungiwa kwa mambo ya rushwa, na yeye ndo anakusimulia stori, shida ni muongo, kwa hiyo unasoma huku umeshika mfuko wako. Beetle ni mwanasheria wa kusomea na baba yake ni Tombstone, jambazi la maana mjini. Wanatafuta kichwa cha Silvermane, mzee wa mafia ambaye nusu ni mashine, maana kuna imani kwamba atakayekishika kile kichwa ndo bosi wa wahalifu wote wa New York, na anayekuja kukipata ni Shocker, yule ambaye genge zima linamdharau kwa uoga. Humu Spider-Man utamsubiri sana. Ni watu wanaodaiwa, wanadanganyana, wanapigana fitna kwa vitu vidogo kabisa, na kama ushawahi kuwa kwenye kikundi cha biashara cha watu watano ambacho kila mtu ana akaunti yake ya siri, utawatambua wote kwa sura.

Sasa Suicide Squad, genge la wafungwa la DC. Najua mmeona muvi ya 2016, mmeona na ile ya 2021, sawa, lakini naomba mrudi 1987 kwa John Ostrander, baadaye akawa anaandika pamoja na mkewe Kim Yale, michoro ya mwanzo ya Luke McDonnell. Yalitoka matoleo 66 mpaka 1992 na kwangu mimi hakuna kazi ya maadui iliyoifikia. Dili lenyewe ni fupi: uko gereza la Belle Reve, Louisiana, serikali inakwambia nenda kafanye kazi chafu tusiyotaka ijulikane, ukirudi mzima tunapunguza kifungo au unaachiwa, ukikimbia tunakulipua. Mwanzoni walikuwa wanavalishwa bangili yenye bomu. Captain Boomerang (wa DC huyu, msimchanganye na yule wa juu, majina haya wanagombania) anamjaza maneno mwenzake anaitwa Slipknot kwamba yale mabomu ni ya uongo, ya kututisha tu, jaribu uone. Slipknot anajaribu. Mkono unaondoka. Na Boomerang sasa amejua anachotaka kujua bila kupoteza hata kucha. Ukurasa mmoja huo unakwambia mengi kuhusu hilo genge kuliko mapambano kumi.

Na anayewashika wote hao hana nguvu hata moja. Amanda Waller, mama mjane wa Cabrini-Green, Chicago, mume na watoto wawili waliuawa, akasoma, akaingia kwenye siasa, akafika mpaka serikalini. Mnene, mfupi, amevaa nguo za ofisini. Kuna toleo (namba 10, litafute) Batman anajipenyeza Belle Reve akijifanya mhalifu wa kawaida, anakusanya ushahidi wa kulifichua lile genge lote, anakuja mbele ya huyu mama kumwambia imekwisha. Mama anamuuliza kwa upole tu, ulivyokuwa unajifanya jambazi ulikuwa umevaa glavu? Maana selo ile imejaa alama za vidole vyako, na mimi kumjua mwenye vidole si kazi kubwa. Batman anaondoka. Nimesoma komiki nyingi watu wakimtisha Batman kwa bunduki, kwa sumu, kwa vichaa, hakuna aliyemfikia huyu mama.

Ila kama unataka kuelewa shirika la uhalifu, siyo genge la watu waliovaa nguo za kubana bali shirika lenye mtandao, soma Daredevil, stelingi wa Marvel, namba 227 mpaka 233, mwaka 1986, Frank Miller na mchoraji David Mazzucchelli, wanaiita Born Again. Hapa nitakaa kidogo mnisamehe.

Kingpin alianzia kwa Spider-Man 1967, toleo la 50, kama jambazi mnene mwenye fimbo. Ni Miller aliyemhamishia kwa Daredevil na kumfanya awe mtu wa kutisha kweli. Hadharani ni mfanyabiashara wa viungo vya chakula tu, ndivyo anavyojitambulisha, watu wa Zanzibar msikasirike. Kwenye hii stori Karen Page, aliyewahi kuwa katibu wa ofisi ya wakili Matt Murdock na mpenzi wake, yuko Mexico kaharibika na heroini, na kwa dozi moja anauza siri kwamba Matt ndo Daredevil. Siri inapanda ngazi, mkono kwa mkono, mpaka kwenye meza ya Kingpin. Na Kingpin hamtumi mtu na bunduki. Anatulia kwanza ahakikishe. Afu Matt anaanza kupata barua. Benki inasema hajalipa mkopo wa nyumba wakati kalipa. Watu wa kodi wanafunga akaunti. Askari, luteni kabisa mwenye sifa nzuri, anapanda kizimbani anaapa kwamba Matt alimhonga shahidi, leseni ya uwakili inaondoka. Na yule askari siyo mtu mbaya, ana mtoto mgonjwa na kuna mtu kaahidi matibabu. Ndo namna shirika linavyoshika watu bwana, wachache wanashikwa kwa kupenda hela, wengi wanashikwa pale panapouma. Matt anadhani ana mkosi. Mpaka siku nyumba yake inalipuliwa, anakuta vazi lake la Daredevil kwenye vifusi, ndo anashtuka, mkosi hautegi bomu. Huku nyuma Kingpin keshaagiza kila aliyeishika ile siri njiani auawe, kuanzia juu mpaka kwa Karen.

Kwenye haya yote adui hajarusha ngumi, baadaye anarusha, ila mpaka hapo ushatetemeka. Ukisoma hii, ukirudi kwenye komiki ambayo bosi wa mafia anakaa kwenye kiti kirefu anacheka ha ha ha, utaiona ya kitoto.

Kuhusu Hydra na A.I.M., mashirika ya siri ya maadui kwa Marvel, mie nasema soma kidogo, usikae sana. Hydra ni ya 1965, Lee na Jack Kirby kwenye Strange Tales, na kizuri chake cha mwanzo ni kwamba bosi mkuu anayetetemesha dunia, ukivua kofia, ni Arnold Brown, msaidizi mmoja mnyonge wa bodi ya kampuni ambaye wakubwa zake hawamtazami mara mbili. Hiyo nzuri. Baada ya hapo miaka na miaka ni watu wa kijani wanapiga kelele na msemo wao wa ukikata kichwa kimoja vinaota viwili. A.I.M. wao ni wanasayansi wamevaa kama warina asali, wanachekesha, basi.

Kama unapenda vita kubwa na umati, niliponda umati pale juu lakini ipo moja inayoufanya vizuri, Avengers namba 270 mpaka 277, 1986 kuingia 1987, Roger Stern na John Buscema, inaitwa Under Siege. Baron Zemo anakusanya genge la Masters of Evil, wengi mno, anavizia jumba la Avengers, timu ya mastelingi wa Marvel, likiwa karibu tupu, anaingia anakaa. Inafanya kazi kwa sababu kila mmoja kaja na njaa yake, wengine wanataka kuvunja tu, Moonstone anautaka uongozi, na Zemo mwenyewe hataki hela wala dunia, anataka Captain America aumie. Jarvis, mzee wa watu mtumishi wa nyumba, anapigwa na Mister Hyde, mmoja wa genge, mbele ya macho ya Captain ambaye kafungwa hawezi kitu. Na Zemo anachukua picha ya mama yake Captain, pekee aliyobaki nayo, anaichana. Mimi ile picha iliniuma kuliko jumba zima kuvunjwa.

Mambo ya kutumia akili kabla hujatoa hela. Jina la genge halikwambii kitu, fuata jina la mwandishi, Suicide Squad imeanzishwa upya mara kibao na kuna zingine ni maji matupu, kwa hiyo kuona "namba 1" kwenye jalada kusikufanye uchangamke. Tafuta vitabu vilivyokusanya matoleo mengi pamoja, unapata stori kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukatiwa njiani ukatumwa kwenye komiki nyingine ya mtu usiyemjua. Thunderbolts ya 1997 ya Kurt Busiek na Mark Bagley usiitafute mtandaoni kabla hujafika ukurasa wa mwisho wa namba 1, japo kwa kuitaja tu kwenye makala kama hii nishakuharibia nusu. Secret Six ya Gail Simone ni kali sana, nzuri sana, lakini siyo ya mtoto, ina mateso na mambo ya chumbani, usimwachie mdogo wako tablet. Na stori za zamani kabisa, kama Monster Society of Evil ya 1943 mpaka 1945 ambayo sauti ya bosi inakuja kuwa ni ya kimnyoo kimevaa miwani, zina michoro ya kibaguzi ya Wajapani na watu weusi, ujue unachofungua.

Hellfire Club wa X-Men nimewaacha makusudi, matajiri wa New York wanaopeana vyeo vya sataranji, Mfalme Mweusi, Malkia Mweupe, hao wanaanza namba 129 ya 1980 na wamefungamana na stori ya Jean Grey, dada mmoja wa X-Men, kiasi kwamba ukiwasoma peke yao hutaambulia kitu. Nikipata muda nitawaandikia yao.