Tanuri la Toroli Huchorwa Kuanzia Chini

Ndugu mmoja anayefungua karakana ya kusubu vyuma jijini Mwanza ameniandikia akitaka kujua tanuri lake la toroli, lenye sakafu ya mita 4 kwa 2, lifungwe vichomeo vingapi vya gesi ili lifike nyuzi 1050. Ameambatanisha mchoro. Kuta zimechorwa kwa makini, dohani imepimwa, hata mlango una vipimo vyake. Toroli, yaani sakafu yenye magurudumu inayoingia na kutoka tanurini juu ya reli, ambalo ndilo litakalobeba mzigo, limeonyeshwa kwa mstari mmoja na magurudumu mawili. Naomba radhi kwa kuacha vichomeo kwanza na kuanzia kwenye mstari huo.

Viwanda vikubwa vya mabomba hutumia sakafu ya duara inayozunguka, na vile vya kuviringisha chuma hutumia mihimili inayouinua mzigo na kuusogeza hatua kwa hatua. Sisi tunaopasha mzigo mmoja kisha tukasubiri mwingine, toroli ndilo letu, na hesabu yake ni hii. Kupasha tani 3 za chuma hadi nyuzi 1050 huhitaji takriban kilowati-saa 570 zinazoingia kwenye chuma chenyewe. Toroli la ukubwa huo lililojengwa kwa matofali mazito ya moto kwa unene wa sentimita 30 lina karibu tani 5 za tofali, na uso wake ukishashika joto la tanuri huku tumbo lake likiwa vuguvugu, litakuwa limemeza zaidi ya kilowati-saa 600. Sakafu inakula kuliko mzigo! Kila unapolivuta nje, sehemu kubwa ya joto hilo hupotelea hewani. Kwa gesi ya mitungi ni zaidi ya kilo 45, kabla hujahesabu kinachotoka na moshi. Kwa hiyo jenga tabaka la chini kwa matofali mepesi, na matofali mazito uyaweke juu tu, kwenye kingo na chini ya nguzo zinazobeba mzigo. Blanketi la nyuzi za kauri, lenye uzito wa kilo 128 kwa mita ya ujazo, linafaa kuta na dari, lakini halibebi mzigo.

Haya nayasema nikiwa bado na donge. Nilipokuwa mwajiriwa wa karakana moja ya Dar es Salaam, nilichora toroli lenye mifereji ya mchanga ya kuzuia hewa pande zote mbili na vichomeo vinavyopiga chini ya mzigo. Mkubwa wangu aliupokea mchoro, akauliza bei, akasema toroli ni toroli, kisha akampa kazi mkandarasi aliyepanga vichomeo vyote karibu na dari. Tanuri lilizinduliwa kwa picha na soda. Haikupita miezi mingi, taya za mashine za kusaga kokoto zikaanza kurudi kutoka machimbo ya Lugoba zikiwa zimekatika vipande viwili, na kila kipande nilichokigeuza kilionyesha chembe kubwa zinazong'aa upande uliokuwa umelalia sakafu.

Sababu yake haikuwa siri kwa anayekijua chuma cha manganizi, ambacho ndicho kinachosubiwa taya hizo, kile alichokivumbua Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882. Kikitoka kwenye kalibu huwa na kabidi, yaani michanganyiko migumu ya kaboni na chuma, zilizojipanga kwenye mipaka ya chembe, nazo ndizo zinazokifanya kivunjike. Ni lazima kipashwe, polepole mwanzoni kwa kuwa hupitisha joto kwa karibu robo tu ya chuma cha kawaida, hadi nyuzi 1000 na zaidi, ili kabidi ziyeyuke, kisha kitumbukizwe majini upesi. Upande uliokomea nyuzi 900 hubaki na kabidi, hata kama kipimajoto cha ukutani kinasoma 1050 bila kutetereka. Anayeoka keki kwa mkaa anajua kwamba makaa ya juu peke yake hayaivishi chini. Kwa nini mhandisi asilijue hilo? Inua mzigo kwa nguzo za sentimita 20 hadi 30 ili moto upite chini yake, na weka nyaya za kupimia joto huko huko chini, palipo baridi kuliko kote.

Niliitwa kurekebisha, nikarekebisha kwa mchoro wangu ule ule, na tanuri linafanya kazi mpaka leo. Kibao cha mlangoni bado kina jina la mkandarasi. Sitaficha kwamba kinaniuma.

Jambo jingine linalodharauliwa ni mwanya kati ya toroli na ukuta. Hewa yenye nyuzi 1000 ni nyepesi, na kila mita ya kimo cha tanuri huleta tofauti ya shinikizo ya takriban paskali 9, kwa hiyo tanuri lenye kimo cha mita 2 hunyonya hewa baridi kupitia sakafuni hata mlango ukiwa umefungwa barabara. Bati lililochomelewa ubavuni mwa toroli lizame ndani ya mfereji wa mchanga mkavu, na kilango cha dohani kibanwe hadi shinikizo usawa wa sakafu lizidi kidogo lile la nje. Sogeza kitambaa kinachofuka moshi karibu na mfereji: moshi ukivutwa ndani, usifungue kilango zaidi, utaharibu; kibane. Moto nao ukichungulia nje, umepitiliza, na utaziona grisi za beringi zikichuruzika juu ya reli.

Vijana wenzangu, tuache kuabudu ukubwa wa moto. Kichomeo kinanunuliwa dukani na kinabadilishwa kwa siku moja; sakafu iliyokosewa utaivunja kwa nyundo, na fedha ya kuijenga upya haitakuwepo. Heshimuni kile kinachobeba.

Na ndugu yangu wa Mwanza, katika mchoro wako reli zinaelekea ofisini, ilhali tangi la maji liko nyuma ya tanuri. Zielekeze kwenye tangi, weka mzigo ndani ya kitanda cha chuma chenye pete za kreni, na ukitumie kikiwa na taya baridi kupima muda tangu mlango ufunguke hadi mzigo uzame. Ukizidi dakika moja, hamisha tangi kabla hujanunua tofali la kwanza.