Kuchunguza mizinga ya reli ya Wajerumani: jina la mzinga si ushahidi

Ndugu, umeuliza utathibitishaje kwamba kombora lililoanguka Anzio, Italia, mwaka 1944 lilitoka kwenye mzinga wa reli, yaani mzinga mkubwa uliobebwa juu ya behewa la treni, kwa kuwa kumbukumbu za askari wa Marekani na Uingereza zinautaja kwa jina la utani "Anzio Annie" karibu kila ukurasa. Ushauri wangu ni kuliweka jina hilo kando kwanza. Askari waliokuwa wamebanwa ufukweni waliliita hivyo karibu kila kombora zito, ilhali Wajerumani walikuwa na mizinga miwili ya reli ya aina ya K5, ambayo wao waliiita Robert na Leopold, pamoja na mizinga ya milimita 170 iliyokokotwa barabarani. Hii ya milimita 170 ilirusha hadi karibu kilomita 30, kwa hiyo kutoka vilima vya Alban, walikokuwa Wajerumani, nayo iliifikia bandari.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni chuma chenyewe. Ndani ya mtutu wa K5 kulikuwa na mifereji 12 ya mzunguko yenye kina kirefu, ya kulizungusha kombora, na kombora lake la kilo 255 lilitengenezwa likiwa na mbavu 12 za kuingia katika mifereji hiyo. Mkusanyaji mmoja wa Nettuno, mji jirani na Anzio, alinionyesha kipande cha ukubwa wa kiganja, kimeliwa na kutu, lakini ubavu ulikuwa bado umeinuka na kukatiza kwa mshazari kiasi cha kuhisika kwa kidole. Kombora la milimita 170 haliachi alama ya namna hiyo.

Baada ya chuma, itazame reli. Mzinga wa tani zaidi ya 200 haugeuzwi kirahisi: K5 ulielekea kushoto au kulia kwa kiasi kidogo mno, hivyo ili kulenga, wapigaji waliusogeza wote juu ya njia iliyopinda au wakauweka kwenye jukwaa la kuzunguka. Katika picha za anga tafuta kipande cha reli kilichopinda ambacho hakielekei stesheni wala kiwanda, hasa karibu na handaki, kwa sababu baada ya kupiga mizinga ilirudishwa humo ijifiche na ndege. Robert na Leopold wote wawili walikamatwa Civitavecchia, Italia, Juni 1944, na Leopold ukapelekwa Marekani.

Nyaraka za Jeshi la 14 la Ujerumani, lililopigana Anzio, zimo katika mikrofilamu za Hifadhi ya Taifa ya Marekani, College Park. Wengi husoma shajara ya vita peke yake. Mimi naona viambatisho vya ugavi vina faida kubwa zaidi, kwa kuwa kombora la K5 halikuweza kutumika katika mzinga mwingine wowote pale, kwa hiyo makombora hayo yakitajwa humo yanaihusu K5 tu.

Kwa Vita Kuu ya Kwanza hali ni ngumu, maana nyaraka nyingi za jeshi la Prussia ziliteketea Potsdam Aprili 1945. Za jeshi la wanamaji zilisalimika, nazo ziko Freiburg, Ujerumani. Na kwa kuwa mizinga mingi ya reli ya wakati ule ilikuwa mitutu ya manowari, huko ndiko pa kuanzia.

Kuhusu aliyekuambia kwamba Gustav, mzinga wa reli wa milimita 800, ulipiga Warsaw mwaka 1944: uliopiga Warsaw ni Karl, wa milimita 600, uliotembea kwa minyororo kama ya kifaru na si kwa reli. Gustav ulipiga Sevastopol Juni 1942, makombora 48. Ukiwa na tarehe ya shambulio lako la Anzio, agiza kwanza viambatisho vya juma hilo kabla ya kulipia nakala za shajara nzima.