Usifungue Kila Sanduku

Wiki hii msomaji mmoja ameniuliza wapi atapata toleo la gemu lililofunguliwa kila kitu: sarafu zisizoisha, silaha zote, wahusika wote. Amechoka kuhangaika, anasema. Nilipokataa kumtumia, akaniita mchoyo. Jibu langu refu ni hili, nalo ni la kila mtu anayetaka hamu yake ya kucheza idumu.

Kuna gemu ya simu ya kupigana niliyoipenda kuliko zote. Mwanzoni haikutoa kitu ovyo. Upanga wa kwanza ulikuwa butu, na wa pili aliushikilia bosi wa pangoni, yaani adui mkubwa anayelinda hatua hiyo. Nilimsoma yule bosi mpaka nikamjua: akiinua bega la kushoto, moto unakuja, akirudi nyuma, ana pupa ya kuruka. Nilipomwangusha nilipiga kelele peke yangu chumbani. Upanga ule niliendelea kuubeba hata nilipopata wenye makali zaidi.

Kisha likaja sasisho. Ukifungua gemu, sanduku la zawadi. Ukipanda leveli, sanduku. Hata ukishindwa, sanduku la kukupa pole! Begi likajaa panga zinazong'aa ambazo majina yake sikuwa na haja ya kuyasoma, na bosi wa pangoni akawa wa pigo moja. Nililalamika kwenye kundi letu la wachezaji, nikaambiwa nawaonea wivu wachezaji wapya. Neno hilo linaniuma hadi leo, maana waliolisema ndio waliochoka na kuondoka mapema. Mimi nilibaki, nikayaacha masanduku yamefungwa, nikafika mwisho kwa silaha nilizozipigania. Najivunia hilo, na sioni sababu ya kulificha.

Tuzo katika gemu ina kazi mbili. Inakuambia umeweza, na inakupa nyenzo ya kukabili kinachofuata. Ikimwagwa, kazi ya kwanza inakufa papo hapo, na ya pili inakuondolea haja ya kuamua. Resident Evil, gemu ya kutisha ya 1996, ilikubana hata kwenye kuhifadhi mchezo: ulihitaji utepe wa wino wa taipureta, na tepe zilikuwa chache. Ndiyo maana kila mlango ulikuwa na uzito. Linganisha na GTA San Andreas, ambako ukiandika HESOYAM, neno la siri la kudanganya mchezo, kwenye kompyuta unapata afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Baada ya hapo, nani ana moyo wa kufanya misheni ya malipo kidogo?

Hata watengenezaji wakubwa wamelazimika kulikubali hili. Gemu ya Diablo III ilitoka 2012 ikiwa na soko la mnada ambapo mchezaji alinunua vifaa badala ya kuvitafuta kwa kuua majini. Machi 2014 watengenezaji wake, Blizzard, wakalifunga, kwa hoja kwamba lilidhoofisha kiini chenyewe cha mchezo. Na kabla ya haya yote, mwaka 1973, Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walirudi baadaye na hamu iliyopungua. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hamu yao haikushuka. Soma hapo tena. Kinachoharibu ni kuahidiwa malipo kwa jambo ulilolipenda bila malipo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, jifunze kukataa. Zawadi ya kila siku iache palepale ilipo. Kifaa ulichopewa bure kiweke kando mpaka umshinde bosi mmoja bila hicho, kisha amua kama unakihitaji kweli. Usipakue toleo la sarafu zisizoisha. Hata lingekuwa salama, na mara nyingi si salama kwa simu yako, linakuibia kilekile ulichokifuata. Ukikwama, punguza ugumu kwenye mipangilio au tazama mwenzako anavyopita, kwa sababu hapo bado mikono ni yako. Chagua gemu zinazokuheshimu. Celeste, gemu ya kupanda mlima ya 2018, imetega stroberi mahali pagumu ajabu, na inakuambia wazi kwamba hazikupi nguvu yoyote, ila watu bado wanazifuata moja baada ya nyingine. Nami nimezifuata zote.