Stesheni ya Kigoma: maswali yenu

Safari hii karibu barua zote zimeng'ang'ania jengo moja, stesheni ya Kigoma, pale Reli ya Kati inapoishia.

Kwa nini stesheni kubwa namna ile wakati mji ulikuwa mdogo? (Msomaji, Ujiji)

Mjerumani hakuujengea mji, alilijengea Ziwa Tanganyika. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250, na ilichokuwa inafuata ni mzigo wa ng'ambo, Kongo. Ndiyo maana njia za reli zinaendelea mpaka gatini. Jengo nalo lilikusudiwa kutisha kidogo: ukishuka tu, ujue ni serikali ya nani. Serikali yenyewe haikulifaidi. Agosti mwaka huohuo vita vikaanza, na 1916 Wabelgiji wakautwaa mji. Hata walipowaachia Waingereza mji huo, mkataba wa 1921 uliwabakishia Wabelgiji eneo bandarini kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wapangaji wa leo, mpo?

Yale matao ni urembo tu? (Msomaji, Tabora)

Simama chini yake saa saba mchana. Jua linaishia kwenye nguzo, ukuta wa ndani haushiki moto, na mvua ikija abiria halowi na mizigo yake. Ni baraza tu ile, ila ya kiserikali, na watu wa pwani walikuwa wakikaa barazani kabla Mjerumani hajaja.

Ni kweli meli ya Liemba ililetwa kwa treni?

Ndiyo, vipande vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaungwa tena Kigoma na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916. Waingereza wakaiopoa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

SGR, reli mpya ya kisasa, ikifika, jengo litavunjwa? (Msomaji, Kasulu)

Treni mpya haziwezi kupita kwenye njia zile: SGR ina upana wa milimita 1,435, reli ya zamani milimita 1,000. Kwa hiyo kuliko kuvunjwa, mimi naogopa zaidi jengo lisije likatelekezwa. Paa likivuja masika mawili matatu bila fundi kupanda, hakuna haja ya tingatinga. Na sheria ina mwanya: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu. La 1914 linasubiri tamko la waziri, na wa kuanza kulidai ni nyinyi mlioko huko.