Maswali ya wasomaji: Skolashipu ya walimu kwenda Japani ni ya kweli?

SWALI: Habari mwalimu. Nafundisha hesabu sekondari moja huku Kakamega, mwaka wa saba sasa, nina miaka 32. Nimesikia kuna skolashipu ya walimu kwenda Japani, alafu kuna agenti hapa mjini anataka elfu arobaini ndo anitafutie nafasi. Ni ukweli? Na nikirudi nitakuwa na masters? — Mwalimu wa hesabu

JIBU: Mwalimu mwenzangu, usitoe hata shilingi. Skolashipu ipo, ni ya wizara ya elimu ya Japani, wengi wanaiita MEXT, na fom zake ni za bure kupitia ubalozi wao Nairobi. Hakuna agenti wa kukuwekea jina, maana wanaochuja mwanzo ni ubalozi wenyewe, kuna mtihani wa kuandika na intavyuu, alafu majina ndo yanapelekwa kule. Wanataka mwalimu aliye kazini shule ya msingi au sekondari, amefundisha angalau miaka 5, na awe chini ya miaka 35, kwa hivyo wewe unaingia ila usizubae, miaka yako inakimbia.

Masters hapana, unapewa cheti. Ni kama mwaka mmoja na nusu, watu huondoka Oktoba, na miezi 6 ya kwanza kwa kawaida ni kusomeshwa Kijapani kabla hujaingia kitivo cha elimu. Tiketi ya kwenda na kurudi wanalipa wao, karo hulipi, posho imekuwa kama yeni 143,000 kwa mwezi. Utakula na utalipa kodi ya nyumba, lakini kama hesabu yako ilikuwa ni kununua ploti basi tafuta njia nyingine, nakwambia ukweli.

Cha kuendea ni darasa. Wewe wa hesabu lazima umewasikia walimu wakongwe wakizungumzia semina za SMASSE, zile za walimu wa hesabu na sayansi, zilianza 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, na mpaka leo kuna CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu hao, pale Karen, Nairobi, sasa huko Japani utaona zile mbinu nyumbani kwao. Walimu wanakaa wanapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wenzake wamesimama nyuma na pembeni na madaftari, wanaandika wanafunzi wamefanya nini, nani amekwama wapi, jioni wanalijadili hilo somo moja tu mpaka liishe. Angalia pia ubao. Mwalimu mzuri wa hesabu kule hafuti ovyo, swali liko kushoto, katikati kuna njia tofauti za wanafunzi wenyewe hata ile yenye makosa, kulia ndo hitimisho, yaani kipindi kikiisha mtoto aliyepotea katikati anaweza kurudi nyuma kwa macho akaona alipoachia. Hiyo haihitaji projekta wala umeme, na darasa lako la watoto sitini litafaidika nayo kuliko kitu kingine chochote utakachorudi nacho. Na watoto wanafagia na kupangusa darasa wao wenyewe, ila hilo kwetu sio geni.

La muhimu kabisa: TSC, tume inayoajiri walimu Kenya. Omba ruhusa ya masomo mapema, kwa maandishi, kupitia kwa prinsipo wako, na ubaki na kopi. Ukiondoka bila barua utaandikwa umetoroka kazi, na posho ya Japani haitakurudishia hiyo kazi.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mimi ni wa Kiswahili, niko Morogoro. Na sisi hatuna pa kwenda? — Mwalimu wa lugha

JIBU: Marahaba mwanangu. Ipo FLTA, programu ya walimu wasaidizi wa lugha, iko chini ya Fulbright, skolashipu ya serikali ya Marekani, unaenda chuo cha Marekani mwaka mmoja wa masomo, kama miezi 9, unasaidia kufundisha Kiswahili na wewe mwenyewe unachukua kozi kadhaa. Kiingereza wanakipima kwa mtihani wa TOEFL. Viza ni J-1, ile ya programu za kubadilishana, na kwa programu hii ukimaliza unatakiwa ukae nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba kuhamia Marekani, hilo mwambie na mchumba mapema. Fuatilia matangazo ya ubalozi wa Marekani Dar, na pasipoti ianze kushughulikiwa sasa hivi, usingoje tangazo litoke.