Kompyuta haijagoma, imekataa

SWALI: Fundi wa hapa Ngamiani, Tanga, kaniambia flashi yangu "imegoma kufomatiwa kwa sababu imemauntiwa". Kiswahili cha kumaunti ni kipi?

JIBU: Hilo tulimalize upesi. Maunti ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Sema kupachika, kama mpini unavyopachikwa kwenye jembe: diski huunganishwa na folda ya kompyuta ili faili zake zitumike. Tena kinyume chake kipo tayari: pachika, pachua, sawa na chomeka, chomoa. (Amri ya kupachua kwenye Linux ni umount. Ukiandika unmount utajibiwa kwamba haipo.)

Kinachonikera ni hilo "imegoma". Siku hizi kila kitu kinagoma: gari, mlango, jiko la gesi, sasa na flashi. Najua kamusi zinaruhusu kugoma kwa maana ya kukataa, lakini mgomaji huacha kazi anayoiweza mpaka apewe anachodai. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, na walikuwa na madai yao. Flashi yako inadai nini? Posho?

Tazama kilichotokea. Fundi kaandika mkfs.ext4 /dev/sdb1, yaani amri ya Linux ya kufomati na jina la flashi yako. Programu ikakagua diski zilizopachikwa, ikaikuta sdb1 humo, ikasema haitengenezi mfumo wa faili hapo. Ina haki. Diski ikiwa imepachikwa, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hushika kwenye RAM sehemu ya kumbukumbu za diski hiyo: nafasi ipi imejaa, ipi tupu. Ukiiandika upya kwa mlango wa nyuma, keneli haijui; muda si mrefu itashusha kumbukumbu zake za zamani juu ya hizo mpya, na faili zote ni vurugu. Kwa sababu hiyohiyo xfs_repair, programu ya kukarabati mfumo wa faili, kwa kawaida haigusi diski iliyopachikwa. Kwenye Windows, amri ya kukagua na kurekebisha diski, chkdsk C: /f, ikishindwa kujifungia diski inayotumika hukuuliza: je, niikague kompyuta itakapowashwa tena? Mgomaji gani huyo anayekupangia saa ya kuja kazini?

Asiyekataa ni dd, programu ya kunakili data moja kwa moja. Kwenye Linux huandika juu ya diski iliyopachikwa bila kuuliza, ilimradi uwe na mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa kompyuta. Keneli 6.8 ya mwaka 2024 ndiyo iliyoleta chaguo la kuzuia uandishi wa namna hiyo, na halifanyi kazi mpaka anayeijenga keneli alichague au liwashwe kompyuta inapowaka. Hapo sema "imezuia", kwa kuwa mwenye kauli ni keneli, si programu uliyoiita.

Mwambie fundi aandike findmnt /dev/sdb1 aone flashi imepachikwa wapi. Kisha fuser -vm na jina la folda hiyo, ajue nani anaitumia. Mara nyingi ni terminali yake mwenyewe, dirisha la kuandikia amri, iliyosimama humohumo, na cd, amri ya kuhama folda, peke yake inatosha kuitoa. Halafu umount /dev/sdb1, ndipo afomati. Asikimbilie umount -l: hiyo huondoa jina kwenye mti wa folda, lakini keneli inaendelea kuishikilia diski mpaka faili ya mwisho ifungwe.

Gari likigoma kuwaka alfajiri nitanyamaza, madereva wamenishinda. Kumaunti pia nitakuvumilia kukisemwa dukani kwa haraka. Ila programu iliyokunusurisha picha zako za harusi usiiite mgomaji. Imekataa, na ilipaswa kukataa.